Injini inapiga resi, boti haiendi: kabla hujashusha injini tafuta rangi ya kucha

Swali nalifupisha. Jamaa yuko Mtwapa, ana boti ya futi 21 ya kupeleka wageni kuvua, injini ya ndani ni V6 ya lita 4.3 ya petroli na nyuma kuna mguu wa MerCruiser Alpha One Gen 2, yaani kile kipande cha nje chenye gia na propela. Jumamosi wametoka na watu watano, wakapita mlango wa mwamba vizuri, kaongeza moto ili boti ipande juu ya maji, ghafla injini ikapiga kelele, sindano ya resi ikaruka, boti ikakaa chini kama kuna mtu kaishika kwa nyuma. Akapunguza, nyutro, akaweka tena mbele, ikaenda, ila polepole tu, akizidisha kidogo ni resi ya bure. Wakarudi mwendo wa kinyonga karibu masaa mawili. Fundi wa pale kaangalia dakika kumi akasema giaboksi imekufa, injini ishushwe. Joto anasema halikupanda njia nzima, na mwishoni kabisa kaandika kwa kupita tu kwamba wiki moja kabla "tuligusa mchanga kidogo lakini haikuwa kitu". Anauliza akubali au asikubali.

Kaka, usikubali. Angalau bado. Na hilo la mchanga uliloliweka mwisho ndo ulipaswa kuanza nalo.

Tuanze na hii njia ya nguvu ilivyo, maana ukiielewa hutadanganywa na mtu. Injini imekaa ndani, nyuma yake kwenye flaiwili imefungwa kapla, ambayo ni kipande cha aluminiamu chenye mpira katikati na meno ndani. Kwenye meno hayo inaingia shafti ya mguu, inapita kwenye beringi kubwa pale shetri, ile wanaiita gimbal, halafu kuna krosi mbili kama za propela shafti ya gari ili mguu uweze kukata kona na kupanda, zimefunikwa na buti ya mpira maji yasiingie. Baada ya hapo gia za juu, shafti ya wima inashuka, gia za chini pamoja na klachi ya meno, shafti ya propela, na mwisho bushi iliyo ndani ya propela yenyewe. Basi. Nguvu haipotei hewani, lazima kuna sehemu kwenye huo mnyororo imeachia.

Sasa jiulize, kwenye mnyororo wote huo ni kitu gani kinaweza kushika ukienda taratibu na kuteleza kimyakimya ukiongeza moto? Gia haiwezi, jino la gia likivunjika utasikia mpaka kwenye soli za viatu. Klachi ya Alpha ni ya meno, inaingia au haiingii, ikiwa imelika inaruka na kupiga tak tak tak ya kutisha ukiikandamiza, sio kuteleza kistaarabu. Shafti ikikatika imekatika, hakuna cha polepole inaenda. Vinavyoteleza hivyo ni vile vyenye mpira au plastiki, na kwenye mguu wako viko viwili tu, bushi ya propela huku nje kabisa na kapla huko ndani kabisa. Kwa hiyo "giaboksi imekufa" haifanani na ulichosimulia, yule bwana kasikia injini inapiga resi akaruka mpaka kwenye kitu cha bei kubwa. Simlaumu sana, mafundi wengi wa kwetu wamekulia kwenye mashine za nje, hizi zenye injini ndani na mguu nyuma wanaziona mara chache.

Ila nisikupe raha sana, kama ni kapla kweli injini itabidi isogezwe mbele au inyanyuliwe, hakuna njia ya mkato. Ndo maana tunaanza na bushi, sababu ni kitu cha robo saa boti ikiwa ufukweni maji yamekupwa, na mtu aliyegusa mchanga na propela inazunguka, bushi ndo ya kwanza kuumia. Kazi yake ndo hiyo, imewekwa iachie ili meno ya gia yasivunjike ukigonga kitu.

Kabla hujasogea nyuma ya boti: funguo itoke na iwe mfukoni mwako wewe, sio kwenye dashibodi, betri izimwe. Nasema hivi nikijua utaona ni maneno ya bibi harusi, lakini mkono ukiwa kwenye propela na kuna kijana kule mbele anataka kusikiliza redio, hapo hakuna utani.

Fungua macho kwanza. Kuna mshipi wa nailoni umejizungusha nyuma ya propela? Mfuko wa plastiki? Kipande cha wavu? Mshipi hasa ni adui mkubwa maana ukikaa pale unayeyuka na kukata sili ya shafti, maji yanaingia kwenye oili, na mwenyewe hujui mpaka msimu uishe. Angalia na mapanga ya propela, kama ncha zimejikunja au kuna alama mpya za mchanga basi lile guso lenu halikuwa dogo.

Halafu sasa rangi ya kucha. Omba kwa shemeji, nyekundu au nyeupe, chochote kinachoonekana. Futa mafuta na chumvi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, acha pakauke, chora mstari mmoja ulionyooka kuanzia kwenye nati ya propela, upite juu ya washa, mpaka kwenye mwili wa propela wenyewe. Nati imefungwa na ile washa yenye masikio kwa hiyo inakwenda na shafti, na propela inakwenda na shafti kupitia bushi. Ukishakauka, washa feni ya kutoa mvuke wa petroli dakika 4 kabla ya kupiga injini, hiyo ya petroli usiruke hata siku moja, toka kwenye maji tulivu humo humo ndani ya mkono wa bahari, usiende nje, nanga iwe tayari na kuwe na boti nyingine karibu. Ongeza moto mpaka iteleze mara mbili tatu, sekunde chache tu, zima, rudi uangalie. Mstari ukiwa umekatika, nusu ya kwenye nati iko saa tatu na nusu ya kwenye propela iko saa saba, kesi imeisha, ni bushi. Mstari ukiwa umenyooka kama ulivyouacha na injini ilipiga resi kweli, bushi haina hatia na shida iko ndani.

Kwa nini naipenda njia hii kuliko kushika propela na kujaribu kuizungusha kwa mikono, ni kwa sababu bushi mbovu inaweza kukaza kabisa mikononi mwako. Wewe una nguvu kiasi gani? Ile V6 inatoa nguvu mara nyingi zaidi yako. Nimeona watu wanasema "nimeijaribu iko ngumu" halafu mstari unakatika safari ya kwanza.

Ikiwa ni bushi, angalia ni ya aina gani. Propela za zamani mpira umesukumwa ndani kwa presi, hiyo hutoi kwa nyundo ufukweni, inaenda kwa mtu mwenye mashine. Nyingi za sasa zina bushi ya plastiki ya pembe nne inayochomoka kwa mkono, unaweka mpya unaondoka. Ukirudisha usisahau ile washa nene ya mbele inayokaa upande wa mguu, yenye upande uliokatwa mshazari, kuna mtu aliiacha kwenye ndoo akafunga bila yake na propela ikasaga mpaka kwenye nyumba ya gia. Grisi ya baharini kwenye meno ya shafti, nati ikazwe kama Nm 75, masikio ya washa yakunjwe.

Sasa tuseme mstari haukukatika. Hapa ndo ule msemo wa wazee wa bahari unaingia wenyewe, uendako tezi na omo marejeo ni ngamani. Fungua kifuniko cha injini, kabla hujafanya chochote nusa. Mpira uliosuguliwa una harufu yake, huwezi kuchanganya na oili wala breki ya gari. Kisha chukua tochi, ulale kifudifudi, pitisha kidole chini ya nyumba ya flaiwili na kwenye ngama pale nyuma kabisa. Kapla inayosagika inaacha unga mweusi, laini kama masizi ya chungu, wakati mwingine na vipande vidogo vya mpira.

Kuna boti moja niliwahi kuletewa, mwenyewe kashanunua propela mbili mpya, moja aluminiamu na moja chuma, na bado inateleza. Nikapaka mstari, haukukatika. Nikafungua injini, sikuhitaji hata tochi, kidole kilitoka cheusi mpaka kwenye ukucha. Kilichoniuma ni kwamba kapla ile haikuwa ya zamani, ilikuwa imebadilishwa mwaka uliotangulia tu. Fundi aliyeifunga hakuwa na chuma cha kupimia alaimenti, yaani kama injini na shafti zimenyooka mstari mmoja, kakadiria kwa jicho, injini ikakaa chini kidogo mbele, kwa hiyo shafti ikawa inaingia kwenye kapla kwa mshazari na kila mzunguko unautafuna mpira. Nilipojaribu kuingiza chuma changu kilifika kwenye beringi kikagoma hapo hapo. Kwa hiyo kama mtu anakuja kubadilisha kapla yako swali la kwanza sio bei, muulize chuma cha alaimenti kiko wapi akuonyeshe. Kinapita kwenye beringi ya gimbal mpaka ndani ya kapla, kinatakiwa kiingie na kutoka kwa vidole viwili, ukikipaka grisi na kukichomoa alama za meno ziwe zimelingana pande zote. Zikiwa upande mmoja tu unapandisha au kushusha injini kwa nati za maunti za mbele, unarudia, unarudia tena. Ni kazi ya kuchosha na haina mkato.

Kuhusu joto, na hili ni zuri kulijua kwa sababu wewe una Alpha. Kwenye Alpha pampu ya maji ya bahari haiko kwenye injini, iko ndani ya mguu, inazungushwa na ile shafti ya wima, na shafti ya wima inazunguka muda wote injini ikiwaka, hata nyutro. Maana yake kapla au krosi ikikatika kabisa, boti inasimama na maji nayo yanakata kwa mpigo mmoja, sindano ya joto inaanza kupanda ukiwa bado unajiuliza kuna nini. Lakini boti ikisimama na maji yakaendelea kuja vizuri basi kila kitu mpaka kwenye shafti ya wima kinazunguka, tafuta chini, klachi, waya wa gia, bushi. Geji ya joto tu imekugawia mnyororo vipande viwili bila spana.

Ila usiitumie geji hiyo kusema kapla haina hatia kwenye hali yako wewe. Kapla inayoteleza, sio iliyokatika, bado ina nguvu ya kuzungusha kipampu cha maji maana kipampu hakina uzito, inashindwa tu pale propela inapoidai. Mwendo wa kinyonga kama mliorudi nao joto lingekaa kawaida vilevile. Kwa hiyo hilo halikuambii mengi, mstari wa rangi ndo unaamua.

Mstari ukisema ndani, hatua inayofuata bado sio injini, ni kutoa mguu. Nati sita, gia ikiwa mbele kwa Alpha, na uwe na mtu wa pili au kitoroli cha kuubeba maana ni mzito na unateleza. Mguu ukiwa chini shika ile krosi uzungushe kwa mkono ukiangalia propela. Upande mmoja utateleza na kutoa sauti ya kukwaruza, ni kawaida, upande wa pili lazima ikamate na propela igeuke, mara moja na nusu mpaka mbili za krosi kwa mzunguko mmoja wa propela kutegemea uwiano wa gia zako. Ikigeuka sawasawa bila kukwama mguu wako ni mzima, na hapo yule fundi wa giaboksi umuonyeshe na yeye azungushe. Angalia meno ya shafti, yakiwa yamelika upande mmoja au yana unga wa aluminiamu umeshapata jibu. Mulika tochi kupitia tundu la beringi uone meno ya kapla huko ndani. Na beringi yenyewe ingiza kidole uizungushe, ikikwaruza kama ina mchanga ibadilishe sasa hivi wakati mguu uko nje, beringi mbovu ndo inaanza kuua kapla. Wakati mwingine ilikuwa inakuambia siku nyingi, ule mngurumo unaobadilika ukikata kona.

Mguu ukiwa chini mwaga na oili ya gia kidogo kwenye chupa safi. Kama maziwa, maji yameingia. Unga kama manyoya kwenye sumaku ya skrubu ni kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha sio kawaida, na hapo tu ndo nitakubali neno giaboksi.

Waya wa gia nimeuacha kwa sababu hali yako sio yake, lakini kwa wengine wanaosoma: kama gia haiingii kabisa, au inaingia rivasi na mbele hamna, au injini inazima kila ukitoa gia, kabla ya yote muweke mtu kwenye gia wewe uangalie pale kwenye injini kama ncha ya waya inasogea mwendo wote. Ule waya wa chini unaoingia kwenye mguu ukivimba ndani unakuwa mzito, na mara kibao ni pini ndogo tu imetoka. Funguo mfukoni, weka mbele, zungusha propela kinyume na inavyozunguka kawaida, inatakiwa ijifunge. Isipojifunga ni waya au klachi.

Na wenye miguu ya aina nyingine, Bravo ya MerCruiser au Volvo Penta, msichukue kila kitu hapa mkakibandika kwenu. Klachi zenu ni za koni na ziko juu, na koni iliyochoka inateleza kweli, kwa hiyo wenzetu mna watuhumiwa watatu sio wawili. Ikiteleza mbele na rivasi iko imara, bushi ikatae haraka maana bushi haijui mbele wala nyuma, tazama koni na oili uliyoweka. Na pampu yenu ya maji ya bahari iko kwenye injini, ile hesabu yangu ya joto haiwahusu.

Kaka wa Mtwapa, mimi kwa ulivyosimulia naweka pesa yangu kwenye bushi, saba kwa kumi, kapla tatu. Nikikosea mstari utaniumbua. Wakati unajipanga usiende nayo kazini hata kama "slow inaenda", maana pale mlangoni maji yakikupwa na kusi limechachamaa slow haikutoshi, na ikitokea tena kitu cha kwanza ni nanga chini, sio kufungua injini. Usiitie moto nchi kavu bila vile vikombe vya mpira vinavyoupa mguu maji ya bomba, impela ya pampu ya maji ikiwa kavu inaungua ndani ya sekunde na utakuwa umejitafutia kazi ya pili. Na acha kunyanyua mguu juu huku injini inavuta ili upite kwenye maji madogo, krosi na kapla zinateseka, zima uvute kwa kamba.

Ukishapaka piga picha, safari ukirudi piga nyingine kabla hujagusa nati, sababu ukishaifungua tu ushahidi umeondoka na tutaanza kubishana. Nitumie zote mbili.